Kijana Anapotaka Kuwa Malenga

Mzazi mmoja wa Singida ametuletea swali ambalo si lake peke yake. Mwanawe, aliye kidato cha pili, hajaacha kutunga tangu alipoghani shairi katika hafla ya madrasa, na sasa anasema ataifanya kazi hiyo maishani, kama Mrisho Mpoto. Baba anauliza: amkataze, au amwache? Anahofia njaa, na anahofia watu ambao mwanawe ataandamana nao.

Hofu ya njaa ina msingi. Mpoto, mzaliwa wa Ruvuma aghaniye akiwa peku jukwaani, alijulikana nchi nzima hata akafanywa balozi wa kampeni ya kitaifa ya Nyumba ni Choo. Lakini waliofika alipofika ni wachache. Tumtazame pia marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2021. Huyu alikuwa mvuvi na baharia, akabeba na mizigo ya karafuu. Diwani yake, Kimbunga, ilichapishwa 1994, alipokuwa amekwisha kupita miaka 60. Nani atasema bahari ilimpunguzia ushairi? Kijana wa Singida naye anaweza kulima alizeti, kufuga nyuki au kusomea ualimu, na bado akawa malenga. Aelezwe hayo mapema, bila kudhihakiwa.

Hofu ya pili haiondolewi kwa katazo. Anayefukuzwa na kalamu yake nyumbani huipeleka barazani, na huko hatuchagui sisi nani atamsikiliza. Wako wasemao kwamba ushairi wote ni upuuzi. Basi na wakumbuke kuwa Hassan bin Thabit aliwekewa mimbari katika msikiti wa Mtume (s.a.w.). La kuangaliwa ni maneno yanayosemwa, na mlezi aliye nyuma ya msemaji.

Kuhusu ulezi huo, mfano hauko mbali na Singida. Mathias Mnyampala alizaliwa Dodoma mwaka 1917, katika lililokuwa Jimbo la Kati, ambalo Singida ilikuwa sehemu yake. Utotoni alichunga mifugo. Ukubwani akawa mwalimu, liwali na hakimu. Alikuwa Mkristo, naye akatunga kwa bahari za ushairi zilizokuzwa na Waislamu wa pwani, jambo linalotupasa kulifurahia. Yeye ndiye aliyeipa nchi hii ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze kwa wananchi, na ngonjera ikaingia shuleni. Mnyampala alifariki 1969. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971.

Katika ngonjera, wawili husimama na kujibizana kwa beti. Mmoja hajui au anapinga, mwenzake anajua. Mwisho yule wa kwanza hukubali. Watoto wengi wa Tanzania walisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, wakajifunza kupaza sauti, kungoja zamu na kuheshimu mizani na vina. Hiyo ni hazina.

Hata hivyo, tumeichezea. Siku hizi mwalimu huandika beti zote, nyingi zikiwa za kumsifu mgeni rasmi, na mtoto hukariri tu. Yule anayepinga hupewa hoja dhaifu makusudi ili ashindwe upesi. Mtoto wa namna hiyo amejifunza kutokuogopa hadhara, lakini hajajifunza kufikiri, na akikua atamghania yeyote atakayemlipa. Hapo ndipo ningeweka hofu yangu, ningekuwa baba huyo.

Kwa hiyo asimkataze, wala asimwache peke yake. Amtafutie mtu mzima anayeijua fani, awe ustadhi wa madrasa au mwalimu mstaafu wa Kiswahili, atakayemsahihishia vina lakini asimtungie. Na dada zake wasiachwe nje: Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi wa wasia mwaka 1858, nasi bado tunausoma.

Nyumbani, baada ya isha, wapeni watoto kazi hii. Ndugu wawili wa Iramba wanabishana: mmoja amekwisha kufunga mizigo aende Dar es Salaam, mwingine anabaki kwenye shamba la alizeti. Kila mmoja apewe beti sita, na yule anayeondoka apewe hoja zenye nguvu kweli: mvua isiyoaminika, bei ya mbegu, miaka anayoiona ikipita. Baba na mama wasikilize, wasitie neno mpaka ubeti wa 12 umalizike.