Ngalawa Ikishafika, Haki Yake Isizamishwe

Mashindano ya ngalawa na majahazi ni urithi wa heshima wa watu wa pwani na visiwa vyetu. Yamepewa nafasi hata katika Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza Unguja mwaka 1998. Wajibu wa kuyalinda ni wa wananchi na Serikali pamoja.

Sisi wa Morogoro hatuna bahari. Lakini pepo zitokazo huko kwenu ndizo zinazomwaga mvua katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, na maji hayo huirudia bahari kwa Mto Ruvu. Mkulima wa Matombo na baharia wa Nungwi wote wanajua kwamba upepo haupokei amri ya mtu. Ndiyo maana wanadamu wanaoshindana kwa upepo wanahitaji sheria.

Tunaloliuliza ni hili: ngalawa zikiwa zimekwisha kufika na mshindi anashangiliwa, je, kamati inaweza kulifuta shindano?

Kanuni za kimataifa za mashindano ya matanga, ambazo hutengenezwa upya kila baada ya miaka minne, zinajibu. Baada ya mashindano kuanza, kamati yaweza kuyavunja kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, upungufu wa upepo, boya lililopotea au kuhama, au jambo jingine linalogusa moja kwa moja usalama au haki ya mashindano. Lakini chombo kimoja kikishamaliza safari ndani ya muda uliowekwa, kamati hairuhusiwi kuyavunja bila kwanza kupima matokeo ya uamuzi huo kwa vyombo vyote. Mamlaka ya kamati yanabaki, ila mzigo wake unakuwa mzito zaidi.

Tofauti ya kabla na baada ya kufika ilionekana mjini San Francisco tarehe 20 Septemba, 2013, katika America's Cup. Chombo cha New Zealand kilikuwa mbele, kikihitaji ushindi mmoja tu kutwaa kombe. Upepo ukalegea, dakika arobaini zilizowekwa zikaisha kabla hakijafika, na mbio zile zikavunjwa. Siku tano baadaye kombe lilichukuliwa na Wamarekani, 9 kwa 8. Uchungu ulikuwa mkubwa, lakini muda ule ulijulikana na wote kabla ya tanga kupandishwa, wala hakuna aliyenyang'anywa alichokwisha kukipata.

Hatusemi kwamba kombe ni bora kuliko roho. Wananchi hawajaisahau tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe katika bahari iliyochafuka. Walio nyuma wakiwa hatarini, mashindano yasimamishwe na watu waokolewe mara moja. Lakini kuwaokoa walio nyuma si lazima kumfute aliyefika. Na kufuta shindano kwa kuwa mshindi hakutarajiwa, au kwa kuwa mgeni rasmi amechelewa, hiyo ni dhuluma.

Tuliosoma chuoni tulifunzwa kwamba hakimu hakati shauri kabla ya kusikiliza pande zote. Kanuni za matanga zinasema vivyo hivyo: penye shaka, hasa kabla ya kulivunja shindano, ushahidi uchukuliwe kwanza.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa michezo wa wilaya za pwani na Visiwani, pamoja na Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar, wahakikishe kwamba kila kamati inaandika kanuni zake kwa Kiswahili na kuwasomea manahodha kabla ya kuondoka. Zitaje muda wa mwisho, kiasi cha upepo kisichoruhusiwa, na nani mwenye kauli ya mwisho, kwani manahodha wengi chombo huenda mrama. Na shindano likivunjwa, sababu itangazwe hadharani siku ile ile.

Baharia hawezi kuuamuru upepo, naye analijua hilo na kuridhika. Asilazimishwe kuridhika na uamuzi usio na sababu.