Tuziandikishe njia za miguu za Lushoto kabla hazijalimwa

Anayepanda Lushoto kutoka Mombo hupewa ushauri uleule: nenda Irente, simama ukingoni, utazame tambarare za Mazinde chini yako. Ni ushauri mzuri. Nimekuwa mwongoza watalii hapa kwa miaka mingi na bado sijachoka kumwona mtu mzima aliyetoka Dar es Salaam akishika kwanza mti ndipo achungulie. Ila aliyefika pale kwa gari hukaa nusu saa, anapiga picha, anakunywa soda, kisha ananigeukia: "Haya dada, sasa tunakwenda wapi?"

Huwa namwambia avae viatu vya kutembelea.

Usambara Magharibi si Kilimanjaro. Hatuna kilele kimoja ambacho mtu akikifikia anapewa cheti na kurudi kwao. Huku unatembea katikati ya maisha ya watu. Utapita shamba la kabichi, nyuma ya jiko la mtu, uwanja wa shule, msikiti, kijito, kipande cha msitu, halafu kabichi tena. Sensa ya 2012, wakati Bumbuli ikihesabiwa pamoja nasi, ilikuta wilaya ina karibu watu nusu milioni, na wengi wao wanalima kwenye miteremko. Ukitaka kwenda kwa miguu kutoka mjini kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi hadi Mtae, mwendo wa siku tatu au nne kwa asiye na haraka, utakanyaga ardhi za watu wengi mno. Unachokanyaga ni ujia tu, na ujia huo hauna mwenyewe. Hapo ndipo penye tatizo.

Kuna mmoja ninaoupenda kuliko yote, juu ya Lukozi. Upana wake haumzidi mtu aliyebeba tenga. Upande wa chini umeshikwa na majani ya gwatemala, upande wa juu ni ukuta wa udongo mwekundu ambao watoto wa shule wameuchimba vidato kwa visigino vyao. Asubuhi ya siku ya gulio utapishana humo na akina mama wenye ndoo za matunda damu na peasi kichwani, na wewe mwenye begi mgongoni ndiye wa kukaa pembeni. Masika yaliyopita nilifika pale na wageni wanne nikakuta njia imeishia kwenye tuta la karoti. Mwenye shamba alikuwa ameegemea jembe, anatutazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Karoti umeziona?"

"Nimeziona, baba. Njia imehamia wapi?"

"Njia gani? Hili ni shamba langu, nimepimiwa."

Akatoa kwenye koti mfuko wa nailoni, na ndani yake hatimiliki ya kimila iliyokunjwa mara nne, ina mhuri na sahihi zote. Alinionyesha kwa kidole chenye udongo: kona hii, kona ile, jirani huyu, jirani yule. Mpaka wake ulikuwa umekutana na wa jirani bila kuacha hata upenyo wa kuku. Ujia uliopitwa na bibi zake na bibi zangu haukuwemo kwenye karatasi. Kisha akaongeza neno ambalo sikuwa na jibu lake: "Na hawa wageni wako na fimbo zao za chuma wananitobolea matuta. Mvua ikija, maji yanaingia kwenye matundu, tuta linashuka."

Alituruhusu kupita pembeni, kwa siku hiyo tu.

Sitamlaumu mzee yule, na ninawaomba wenzangu wa kazi hii waache kuwaita watu kama yeye wakorofi. Alifuata utaratibu. Tuliokosea ni sisi wanakijiji wote, tunaogawa hati shamba kwa shamba bila kuuliza kwanza watu watapita wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inaupa mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, na inaitaka halmashauri ya kijiji iwe na rejista ya ardhi hiyo. Humo tumezoea kuona makaburi, uwanja wa mpira, malisho. Njia za miguu nazo ziingie humo, kwa upana unaojulikana, zikiwa na alama za mipaka, kabla mpimaji hajafika.

Najua watakaosema huu ni mradi wa kuwafurahisha Wazungu. Watu hawa hawajawahi kuwa Lushoto siku ya Idd Pili. Vijana wakiwa na nguo mpya hupanda kwenye majabali, wasichana kwa makundi yao, wavulana kwa yao, na simu moja inapiga muziki kwa wote. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni mapumziko ya nje. Na siku hizi wanakuja Watanzania wa vikundi vya kutembea, kutoka Dar, Tanga na Moshi, fulana za rangi moja na spika begani. Kelele zao zinawakimbiza mbega hadi ng'ambo ya bonde, lakini wanatembea, tena mbali, na wanalala na kula huku. Mtu mmoja aliyetembea siku tatu ameacha fedha kwenye nyumba tatu za wageni na kwa mama ntilie watano. Aliyekuja na gari mwambani ameacha bei ya soda.

Hata hivyo fedha ya utalii wa milimani, ikipatikana, huenda kwenye vitu vya kukatiwa utepe: lango, banda, bango kubwa. Kuna sehemu moja, sitaitaja, ambako watoto waliozoea kucheza kwenye mwamba wao sasa wanafukuzwa kwa kuwa hawana tiketi. Lango lipo, tiketi ipo, na ujia unaotoka pale kwenda kijiji cha pili umeota vichaka.

Barabara nayo si mbadala. Asiyeamini ajaribu kutembea kwenye kona za Lukozi alasiri, malori ya mboga yakishuka kuwahi Kariakoo. Na kwa barabara hutaliona ua la Saintpaulia, ambalo mtaalamu wa Ujerumani alilipa jina hilo mwaka 1893 kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni aliyelipeleka kwao, na ambalo leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya. Kwetu linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na huko hakuna gari linalofika.

Ila jambo hili lisije kama amri kutoka juu. Wazee wa Mlalo hawajasahau jinsi Waingereza walivyowalazimisha kulima kwa matuta baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakagoma hadi mpango wenyewe ukaachwa. Leo wajukuu wao wanapanda gwatemala kwenye kingo bila kusukumwa, kwa sababu wameona udongo unabaki. Kwa hiyo tuanze na njia zisizomgharimu mtu: zilizopo kwenye mipaka ya mashamba, na za kandokando ya vijito. Sheria ya Mazingira ya 2004 tayari inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. (Inazuia kwenye maandishi. Ingefuatwa huku, nusu ya mabonde yetu yasingekuwa na hoho.) Pale ambapo njia lazima ikate shamba, mwenye shamba alipwe, na sisi waongozaji tuchangie kwa kila mgeni, fedha iingie kijijini kwa risiti. Fimbo zivalishwe vifuniko vya raba, la sivyo ziachwe hotelini. Masika, njia za kwenye matuta zifungwe kwa wageni, hata kama sisi tutakosa kazi wiki hizo.

Kijijini kwetu tumeshapeleka ajenda kwa mtendaji, isomwe kwenye mkutano mkuu wa robo hii. Tuna orodha ya njia saba na majina ya wote wenye mashamba yanayoguswa. Watatu wamekwisha sema hawataki, na mmoja wao anauliza ni shilingi ngapi kwa hatua. Ni swali la haki, na wenzangu wa chama cha waongozaji waje nalo wakiwa na namba mkononi, maana yule mzee wa karoti atakuwepo pia, na atakuja na mfuko wake wa nailoni.