Cha Wote Hakikosi Mlinzi

Imekaa vinywani mwa watu wengi, wasomi kwa wasiosoma, dhana kwamba kitu cha wote si cha mtu, na kwamba bustani inayolimwa na mtaa mzima haina budi kugeuka jaa, kwa kuwa kila mmoja atataka kuvuna na hapana atakayepalilia. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Marekani, aliivika dhana hiyo joho la ilimu kwa mfano wa malisho ambayo kila mfugaji huzidisha wanyama wake mpaka nyasi zikatoweka; na tangu hapo mfano huo umekuwa hoja ya kila mwenye tamaa ya kuuza kiwanja cha umma. Mimi naipinga dhana hiyo, maana haina insafu wala ushahidi.

Itazame New York ya miaka ya 1970. Wenye majumba, waliokuwa na hati za milki mikononi, waliyatelekeza majengo yao bila ya kulipa kodi, mengine yakabomoka, mengine yakateketea kwa moto, na viwanja vikajaa vifusi. Milki ya mtu mmoja mmoja haikuviokoa. Walioviokoa ni majirani. Mwaka 1973, katika pembe ya barabara za Bowery na Houston, Liz Christy na wenziwe walizoa takataka, wakazungusha ua, wakamwaga udongo mpya na kupanda mboga katika matuta 60. Na mwaka uliofuata serikali ya mji ikawakodisha mahali pale kwa dola 1 kwa mwezi. Hata mwaka 1999, utawala wa mji ulipoazimia kuzinadi bustani zaidi ya 100 za namna hiyo, walioandamana kuzitetea, mpaka zikanunuliwa na jumuiya za hisani, ni wale wale wakulima wa mtaani ambao, kwa kipimo cha Hardin, hawakutarajiwa kujali.

Sikatai kwamba zipo bustani za shirika zilizokufa. Lakini aghalabu zilikufa kwa kukosa kanuni. Iliyo hai ina lango ambalo mshika ufunguo wake anajulikana, zamu ya kumwagilia na kugeuza mboji, na kikao ambamo mzembe huulizwa, na akishupaa, tuta lake hupewa aliyekuwa akingoja. Elinor Ostrom, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alilithibitisha jambo hili kwa malisho ya Uswisi na mifereji ya Hispania iliyotunzwa kwa shirika karne baada ya karne. Na Hardin mwenyewe alikuja kukubali kwamba msiba alioutabiri ni wa mali ya shirika isiyosimamiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari: lawama waliiweka juu ya kukosekana kwa daftari, wala hawakuiweka juu ya wingi wa wenye mali.

Basi yeyote anayetaka kuuza kiwanja cha umma kwa hoja kwamba umma hauwezi kukitunza, na athibitishe kwanza kwamba umma uliwahi kupewa mamlaka ya kukitunza.