Mbwa mdogo apewe dawa ya minyoo kabla tumbo halijavimba

Kipushi – Katika parsele nyingi za Kipushi, mtoto wa mbwa hapewi dawa ya minyoo mpaka tumbo limevimba kama ngoma. Hapo ndipo mwenye mbwa anaanza kuulizia dawa sokoni. Amechelewa kwa majuma mengi.

Minyoo ya duara ya mbwa haingoji mtoto azaliwe. Inamwingia akiwa bado tumboni mwa mama yake, mingine inamfuata katika maziwa. Akifika majuma matatu hivi, inaanza kutaga, na mayai yanatoka na mavi yake uani. Kwa hiyo anayesema mavi yapimwe kwanza anakosea kwa mbwa wa majuma mawili: darubini haitaona kitu, ingawa minyoo imo. Apewe dawa akiwa na majuma mawili, arudiliwe kila baada ya majuma mawili mpaka afike manane. Mama yake apewe pamoja naye. Wengi wanamsahau huyo mama, na ndiye ghala lenyewe.

Kipimo kina kazi baadaye, mbwa akiendelea kukonda au kuhara baada ya dawa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa wanyama, kilomita 30 hivi kutoka Kipushi. Kwa mwenye nauli si mbali.

Kwa familia iliyokimbia vita na kupokelewa na jamaa ni mbali sana, na ndiyo iliyo hatarini zaidi. Familia mbili tatu katika parsele moja, watoto wote wanacheza chini, peku. Mayai yakikaa udongoni majuma machache, mtoto anayeyameza hupata minyoo inayotangatanga katika ini, mapafu, hata jicho. Minyoo ya safura ya mbwa nayo hupenya ngozi ya mguu. Watoto wanagawiwa vidonge vya minyoo, lakini mbwa anayelala mlangoni hahesabiwi. Zoni ya afya na waganga wa wanyama wangepanga siku moja kwa wote wawili.

Dawa ya ng'ombe ya kukisia kwa kijiko isitumiwe. Inaweza kumuua mbwa mdogo. Apimwe uzito kwanza, hata kwa mizani ya muuza unga, akikubali. Na mavi yaokotwe kila siku, yafukiwe mbali na kisima, kabla mayai hayajakomaa.