Kitu tulisha kulipa, kisitoshwe bila siye kujua

Wandugu wa fond na wa carrière, wamama wa camp, vijana mulio ku masomo, leo hatuzungumuzi mushahara, wala viatu vya usalama, wala ndugu zetu wa sous-traitance. Leo tunazungumuza telefone. Musiseme ni masolo ya watoto. Mukisoma mpaka mwisho mutaona kama ni neno lilelile tunalopigania kila mwaka ku meza na bakubwa wa kompani.

Tuanze na jambo lililotufikia siye wenyewe. Mwenzetu mumoja wa équipe ya usiku alinunua telefone na feza ya mwisho wa mwaka. Mu magazini kulikuwa telefone mingi, lakini alichagua ile juu ya kitu kimoja: ilikuwa na radio ndani yake. Ni radio ya kweli, ile unasikiliza na écouteur bila kukula méga hata moja. Asubuhi akitoka kazini alikuwa anasikiliza habari mu bus. Akifika ku nyumba anamuachia mama yake muzee, mwenye macho yake haione tena muzuri, asikilize Radio Okapi mpaka wakati wa chakula.

Siku moja telefone ikamulomba mise à jour. Akagusa « accepter », sawa vile siye wote tunagusa. Telefone ikazimika, ikawaka tena, na radio haiko. Mahali pake kulikuwa programu ingine ya muziki, ile inaomba méga. Akarudia ku magazini. Muuzishaji akamujibu: « Papa, siye tunauzisha tu. Hayo ni mambo ya fabrike. » Na fabrike iko ngambo ya bahari.

Alipokuja kutuambia siye madélégué, alikuwa anacheka kwa haya: « Nawaletea shida ndogo, musinikasirikie. » Lakini hatukucheka. Tulimuuliza: wakati ulilipa, radio ilikuwa ndani? Ndiyo. Ni wewe ulilomba waitoshe? Hapana. Walikurudishia hata franka moja? Hapana. Basi, ndugu, hiyo haiko shida ndogo.

Siye watu wa sindika tuko na neno moja tunalolijua sana: avantage acquis. Kama kompani ilikubali kusafirisha wafanyakazi na bus, na bus ikaandikwa mu convention collective, bakubwa hawawezi kuamuka asubuhi moja na kusema bus haiko tena. Wanapaswa kuita delegation, kueleza sababu, na kujadiliana. Na kama bus inatoka, kitu kingine kiingie mahali pake. Kwa sababu gani? Kwa sababu wakati mufanyakazi alitia sinyatire, alihesabu na bus ndani. Bila bus, pengine hangekubali mushahara ule.

Telefone ni vilevile. Mutu alihesabu na radio ndani, akatosha bei. Ukiitosha radio kisha yeye kulipa, umepunguza mushahara wake kwa nyuma.

Wengine watasema kwamba ni maneno ya masikini tu wa Kongo. Hapana. Hata Ulaya na Marekani watu walifanyiwa vile, na kule walipeleka maneno mbele ya sheria. Tuwaambie mifano mitatu.

Mufano wa kwanza ni wa mashini ya michezo ya Sony, ile PlayStation 3, iliyoanza kuuzishwa mwaka 2006. Ilikuwa inaruhusu mwenye kuinunua kuweka ndani programu ya Linux na kuitumia sawa ordinateur. Hata jeshi la anga la Marekani lilinunua mashini zaidi ya 1.700 na kuziunganisha kufanya ordinateur moja kubwa ya hesabu. Kisha, tarehe 1 mwezi wa ine mwaka 2010, mise à jour moja ikatosha nguvu hiyo. Sony ilisema ni juu ya usalama. Mutu alikuwa huru kukatala, lakini akikatala hawezi tena kucheza na wengine kupitia intaneti. Angalieni muzuri mutego ule: ukikubali unapoteza mukono wa kuume, ukikatala unapoteza wa kushoto. Wanunuzi wakaenda ku tribinali. Kesi ilikokota miaka. Mu mwaka 2018 njo iliishia, kompani ikiwa imekubali kutosha dola milioni 3,75 za kugawanyia wanunuzi.

Mufano wa pili unatugusa karibu zaidi, kwani ni wa batri. Mwanzo wa mwaka 2017 Apple ilituma programu mupya ku iPhone. Batri ikizeeka, haiwezi tena kutosha nguvu mingi kwa mara moja, na telefone ilikuwa inazimika gafula. Programu ile ilikuwa inapunguza mbio ya telefone ili isizimike. Pengine sababu ilikuwa ya kweli, lakini hawakuambia watu wazi. Mwenye telefone aliona tu kama inakuwa nzito, akafikiri imekufa, akaenda kununua ingine. Na batri mupya tu ingemutosha. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017 kompani ikakubali kama ilifanya vile, ikaomba musamaha, na kushusha bei ya kubadilisha batri kutoka dola 79 mpaka dola 29. Mu Ufaransa, association moja ya kupigania wanunuzi ilipeleka maneno ku sheria, na mwaka 2020 kompani ikalipa amende ya euro milioni 25. Kosa lililoandikwa haikuwa kupunguza mbio. Lilikuwa kunyamaza: wanunuzi hawakuelezwa. Marekani nako, mwaka uleule, kompani ilikubali kutosha mpaka dola milioni 500 juu ya wenye telefone zile.

Mufano wa tatu wamama wa bureautique watausikia palepale. Mwaka 2016, imprimante za HP ziliamuka siku moja na kukatala wino wa fabrike zingine, wino ule wa bei nafuu uliokuwa unafanya kazi muzuri jana yake. Mwaka 2020, Italia ilipiga kompani amende ya euro milioni 10 juu ya mambo ya wino na imprimante zake.

Sasa tuwe wenye haki, kwani délégué asiyesikiliza upande mwingine haongozi watu muzuri. Wenye kutengeneza wanasema: kuko wezi wa intaneti, programu ya zamani ni mulango wazi, tunapaswa kuifunga. Ni kweli. Siye hatusemi mukatale mise à jour zote. Mise à jour mingi zinakinga feza yenu ya mobile money na picha za watoto wenu. Mwenye kukatala zote ni sawa mwenye kukatala casque kwa sababu inamusumbua kichwa.

Lakini tuangalie namna inafanyika mu mugodi. Kama ingénieur wa usalama anasema galerie hii imepasuka, hakuna kuingia, siye wa kwanza tunatii. Lakini anatuita, anatuonyesha ufa, anaandika ku karatasi, na siku ile ya kukaa inje haitoshwi ku mushahara wetu. Usalama ni sababu ya kufunga galerie. Hauko sababu ya kukula siku ya mufanyakazi. Vilevile usalama unaweza kuwa sababu ya kutosha kitu mu telefone, lakini hauko sababu ya kunyamaza wala ya kukatala kulipa.

Na tusisahau kama sababu ya usalama inaweza kuvaliwa sawa kazulu na mwenye nia ingine. Radio ya bure inapotoka na muziki wa kukula méga unaingia, ni usalama wa nani? Fabrike itujibu, na ituonyeshe.

Ku Ulaya, tangu mwaka 2022 kuko sheria inayosema wazi: mwenye kuuzisha programu ao huduma za telefone akitaka kubadilisha kitu, iwe imeandikwa mu mapatano na kuwe na sababu ya kweli, asilipishe kitu juu yake, na aeleze kwa luga inayosikika. Mabadiliko yakimuumiza mununuzi sana, mununuzi ana ruhusa ya kuvunja mapatano. Na mu Ufaransa, tangu mwaka 2015, kuharibisha kitu kwa makusudi ili mutu anunue kingine haraka ni kosa la kufungwa mpaka miaka 2, na amende ya euro 300.000.

Siye je? Tuko na sheria ya zamani sana, dekre ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888 juu ya mapatano. Mu article 33 inasema mapatano yaliyofanywa kwa kufwata sheria ni sheria kwa wale walioyafanya, na inapaswa kutimizwa kwa roho safi. Mwaka 1888 hakuna mutu aliwaza telefone ya mukononi. Lakini roho ya neno lile inatosha: uliniuzishia kitu chenye radio, roho safi haiingii usiku kuitosha. Tuko pia na Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023. Tunaomba madéputé wetu, wale wanaokuja kutuona ku camp wakati wa kura, waandike ndani yake maneno ine kwa herufi kubwa. Moja: mununuzi aelezwe mbele, mu luga anayosikia. Mbili: awe na njia ya kurudia nyuma. Tatu: akikatala mise à jour inayotosha kitu, telefone isifungwe juu ya ile. Ine: kitu kikitoshwa, kilipwe, na anayelipa aanze kuwa yule mwenye kuuzisha hapa inchini, kisha yeye ndiye amufwate wa fabrike. Mutu wa Kipushi ao wa Kolwezi hawezi kwenda kushitaki ngambo ya bahari.

Musiseme haiwezekani. Munakumbuka RAM? Mwaka 2020 walianza kukata unités mu telefone zetu, zile tulisha kulipa bei yake na yote. Walisema ni juu ya kutukinga. Watu walilalamika mu bus, mu soko, mu kanisa, mpaka mu Parlement. Mwaka 2022 ikatoshwa. Haikutoshwa na bakubwa kwa huruma. Ilitoshwa na kelele ya watu wote pamoja.

Basi tufanye nini kesho asubuhi? Mukinunua telefone, mulombe fakitire, hata ya karatasi ndogo, na muuzishaji aandike juu yake kile kilichowavuta kununua: radio, batri ya siku mbili, SIM mbili. Mupige picha ya telefone ikiwa mupya na programu zake. Mbele ya kugusa « accepter », mutoto mwenye kusoma ku nyumba awasomee kile kimeandikwa. Kitu kikipotea, musiende peke yenu ku magazini. Muje ku sindika na majina. Mutu mumoja anafukuzwa na neno moja, lakini watu 30 wenye fakitire mukononi, muuzishaji anawatafutia viti. Siye tumesha kufungua kaye juu ya maneno haya ku bureau, na jina la ndugu yetu wa radio njo la kwanza.

Kuko neno la mwisho, na hili linatuuma. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka hapa kwetu, mu udongo wa Lualaba na Haut-Katanga. Inatoka na mikono yetu, na mapafu yetu, na usingizi wa wake zetu wanaongojea sirène. Inaenda mbali, inaingia mu batri, inarudia kwetu mu kikartoni, na tunailipa na mushahara uleule tulioupata kwa kuichimba. Tumeilipa mara mbili. Hatutakubali kuilipa mara ya tatu, usiku, telefone ikiwa mezani na sisi tumelala.

Yule muzee mama angali anauliza kila asubuhi: « Radio yangu iko wapi? » Anapashwa kujibiwa.