Kurudi nyumbani siyo kufukuzwa kambini



Kila mwaka, kati ya mwezi wa tisa na mwezi wa kumi na moja, katika jimbo la Iowa huko Marekani watu wanarudi kwao. Waliosoma chuo kikuu cha Iowa, kisha wakafuata kazi Chicago au mbali zaidi, wanapanda gari Ijumaa na kufika mji wa Iowa City. Siku ya posho kuna mpira. Siyo mpira wetu wa miguu. Ni ule wao wa kubeba mikononi, wachezaji wamevaa kofia ngumu na wanagongana kama mbuzi dume. Uwanja wa Kinnick unaingiza watu karibu 70,000, hesabu inayokaribia wakaaji wote wa mji huo. Wanachoma nyama kando ya magari, wanasalimia walimu wa zamani na wazazi. Siku ya Mungu jioni kila mtu amesharudi kwenye kazi yake.

Iowa City kuna Wakongomani wengi wanaoishi huko. Kuna watu wanaocheka wakisikia habari hizi: safari ya kilometa zaidi ya 300 kwa ajili ya mpira wa wanafunzi! Mimi sicheki. Ninawaonea wivu, na sababu siyo mpira.

Mtu huyo amechagua siku yake mwenyewe. Barabarani hakuna mwenye bunduki anayemwomba pesa. Anajua nyumba ya mama yake ingali na mabati. Na zaidi ya yote, akiisha kufika, anaweza kuondoka. Hakuna anayemwambia: umerudi, basi ubaki.

Sasa tuangalie kwetu. Kutoka Goma hadi Sake ni kilometa zisizofika 30. Ni mama wangapi wamekaa miaka kambini, shamba lao liko karibu hivyo, na hawakuweza kwenda hata kuchuma sombe? Mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuchukua Goma, wahami wa Bulengo na Lushagala waliambiwa wana saa 72 za kuondoka. Hema zikang'olewa, watu wakabeba magodoro na watoto, wakashika njia. Wengine walikuta nyumba zimebomolewa. Halafu tukasikia redioni kwamba wahami "wamerudi nyumbani".

Hapana! Huko siyo kurudi. Huko ni kufukuzwa mara ya pili. Mkataba wa Kampala, ambao nchi za Afrika ziliuandika mwaka 2009, unasema mhami achague mwenyewe: arudi, abaki alipo, au ahamie pengine, tena kwa usalama na heshima. Hausemi saa 72.

Ninyi mnaosema vita imeisha, rudini vijijini: wapeni watu kwanza siku mbili. Kila familia itume mtu mmoja aende siku ya posho, aone shamba nani analima, aone kama kuna bomu halijalipuka, asafishe kaburi la baba yake, arudi siku ya Mungu kueleza wenzake. Kisha familia iamue. Na hadi siku hiyo, hema lisiguswe na chakula kisikatwe. Wenye bunduki, serikali na mashirika, wote hili linawahusu.

Pale Kinnick, tangu mwaka 2017, robo ya kwanza ya mchezo ikiisha, uwanja mzima unageuka na kupungia mkono watoto wagonjwa walioko kwenye madirisha ya hospitali jirani. Wanakumbuka wasioweza kushuka. Sisi wahami hatuombi kupungiwa mkono. Tunaomba njia iwe wazi, kwenda na kurudi.