Ukoo wa Tisheti

MEZA YA KAHAWA
Na Mzee Kashata

Jumapili jioni mashine ya kutolea fedha ilimeza kadi yangu. Haikukohoa wala haikuomba radhi. Jumatatu niliitumia kununa. Jumanne, saa mbili na nusu kamili asubuhi, nikawa mbele ya mlango wa tawi la benki yangu, benki ambayo siitaji jina kwa sababu bado imeshika fedha zangu.

Mlango umefungwa. Foleni ipo tayari: wastaafu sita na bahasha zao za kaki, kijana wa bodaboda ambaye hajavua helmeti, na mama mmoja wakala wa fedha za simu na benki aliyefuata floti huku simu yake ikiita bila kupumzika. Wateja wake walikuwa wamejaa kibandani, wanauliza amefia wapi.

Mlango wenyewe ni wa kioo, kwa hiyo sinema tuliiona yote. Wafanyakazi kama kumi na tano wamesimama duara, wamevaa tisheti za rangi ya chungwa juu ya mashati ya kazini. Mgongoni zimeandikwa kwa herufi kubwa: SISI NI FAMILIA. Katikati yao bwana mmoja wa suti, mgeni kutoka makao makuu, ameshika kipaza sauti. Kipaza sauti, kwa watu kumi na tano, kwenye chumba ambacho mtu akipiga chafya kaunta namba moja, wa kaunta namba nne anampa pole! Wakapiga makofi ya kilo, yale ya shule ya msingi. Wakashikana mikono. Wakacheza kidogo. Sisi huku nje jua la Dar es Salaam limeshaamka na linatutafuta mmoja mmoja.

Mlango ulifunguliwa saa tatu na dakika kumi.

Wasomaji wa zamani wa meza hii mnajua nilivyopigana na neno "changamoto" mpaka likanishinda. Siku hizi hata mwizi hana kosa, ana changamoto. Sikuwa natafuta vita vingine. Lakini hili la "familia" limenifuata lenyewe mpaka kwenye foleni, kwa hiyo nitasema mapema ili wenye haraka wageukie ukurasa wa michezo: kampuni si familia, na ile inayojiita familia ina kitu inataka kukichukua bila kukilipia.

Nayasema haya nikiwa na uzoefu. Mimi nimefanya kazi kwenye familia. Nilipomaliza shule nilipelekwa Kariakoo, dukani kwa mjomba, duka la vitenge na mashuka. Nilifungua saa moja asubuhi, nikafunga saa moja jioni, miaka miwili. Mwisho wa mwezi ukifika namtazama mjomba, mjomba naye ananitazama. "Mshahara? Kwani wewe si mtoto wa hapa?" Nilipata chakula cha mchana, nauli, na viatu kila Idi. Ndiyo maana mpaka leo nikisikia bosi anamwambia mfanyakazi "wewe ni familia", mkono wangu unakwenda wenyewe mfukoni kuangalia kama nauli ipo.

Ila tumpe mjomba haki yake. Nilipolazwa kwa malaria, alilala kwenye benchi la wodi siku tatu na duka likafungwa. Mashuka yalipokosa wanunuzi mwaka ule, hakuna aliyeniandikia barua ya kunishukuru kwa mchango wangu. Mjomba alipunguza nyama. Alianza na ya kwake, kisha ya shangazi, mwisho ndiyo ikafika zamu yetu sisi vijana.

Hayo ndiyo makubaliano ya familia kwa watu wa kwetu, hata kama hakuna aliyeyaandika: haikulipi, lakini haikufukuzi. Mabwana wa tisheti wameipenda ile nusu ya kwanza. Wanataka ubaki mpaka saa mbili usiku bila malipo ya ziada, uitike simu Jumapili, usiulize nyongeza maana kuuliza ni utovu wa adabu mbele ya wazazi. Ile nusu ya pili wameiacha stoo. Hesabu zikiharibika, baba anageuka mwajiri ghafla, na anaijua sheria kuliko wakili.

Na sheria, kwa bahati nzuri, haijui ukoo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu na akae mezani kushauriana. Kiinua mgongo inakipima bila machozi: kisipungue mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakoma miaka 10. Ukiwa umeitumikia "familia" miaka 20, kumi ya mwisho ilikuwa mapenzi tu.

Tulipokuwa tunasubiri nikamgeukia mlinzi. Yeye alikuwa nje na sisi, amesimama pembeni ya kiti chake cha plastiki. Nikamuuliza, "Afande, mbona wenzako wako kwenye familia, wewe uko huku juani?"

"Mimi ni wa kampuni ya ulinzi, mzee," akajibu kwa adabu. Akafikiri kidogo. "Mimi ni geti."

Sasa nikueleze huyo geti alikuwa anafanya nini. Alikuwa amechana kipande cha boksi, ameandika majina yetu kwa kufuata tulivyofika, kwa sababu mashine ya kutoa namba ilikufa tangu Sabasaba. Wastaafu aliwahamishia kwenye kivuli cha ukuta bila wao kupoteza zamu. Mama wa floti alimnong'oneza kuwa kaunta ya tatu ndiyo huanza kutoa fedha nyingi, aelekee huko moja kwa moja. Mimi aliniambia, "Kadi zilizomezwa anazitoa fundi wa mashine, mzee. Huja Jumatano mchana." Yote hayo bila kipaza sauti.

Nilipofika kaunta nikajazishwa fomu na kuambiwa nisubiri siku 14 za kazi. Binti aliyenihudumia alikuwa amevaa ile tisheti. Nikamtania, "Hongera kwa familia, mwanangu. Wewe ni wa ngapi kuzaliwa?" Akacheka, akainua macho kwenye kamera ya darini, akashusha sauti: "Mimi mtoto wa kufikia, baba. Wakala wa ajira ndiye aliyenileta. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu."

Nikatoka na uchungu mpaka kwenye kahawa. Nikampigia shemeji, yule aliyekuwa akifuga sungura. Baada ya sungura kufa amehudhuria kozi ya uongozi na siku hizi hazungumzi, anawasilisha. Akaniambia sielewi mabadiliko ya uchumi, kwamba dunia ya sasa inataka "utamaduni wa taasisi", mfanyakazi ajisikie yuko nyumbani. Nikamuuliza yule mpwa wa mke wake aliyekuwa anasafisha mabanda ya sungura alilipwa shilingi ngapi. Mtandao ukakatika.

Lakini tusimcheke sana, maana neno lenyewe tumelianza sisi. Nchi hii ilishajaribu kuwa familia nzima nzima. Ujamaa ni nini kama si jamaa? Nyerere aliandika hivyo 1962, na baada ya Azimio la Arusha la 1967, benki za watu binafsi zikataifishwa na kuwekwa chini ya paa moja, Benki ya Taifa ya Biashara, na bosi wako ukamwita ndugu. Ndugu Meneja! Sisemi yalikwenda vizuri. Tuliopanga foleni ya sukari tunajua yalivyokwenda. Ila wazee wale walielewa kwamba ukilitumia neno la ukoo, linakudai. Mwongozo wa TANU wa 1971, kifungu cha 15, ulimkataza kiongozi majivuno na uonevu, na wafanyakazi wakakishika kifungu hicho kama fimbo. Viwandani Dar es Salaam mameneja waliokuwa na mdomo mchafu wakajikuta wamefungiwa nje ya geti. Mwaka 1973, wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakaamua kukiendesha kiwanda wenyewe.

Na Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Nyerere aliwafukuza kwa mamia. Baba mkali. Lakini siku hiyohiyo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alichapa watoto, kisha akapunguza sahani yake. Nitajieni bosi mmoja wa tisheti aliyegusa sahani.

Hata Wajapani, ambao shemeji anawataja kila sentensi ya tatu, walilijua hilo. Kiichiro Toyoda, aliyeanzisha kampuni ya magari ya Toyota, alikuwa ameahidi kutopunguza watu. Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufilisika, wafanyakazi zaidi ya elfu wakalazimika kuondoka, mgomo ukawaka. Toyoda akajiuzulu. Aliona haya kubaki mezani wakati watoto wanatolewa nje. Na kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kumfundisha meneja aende pale kazi inapofanyikia akaone kwa macho yake. Kwa tawi langu hapo pana jina: ni kile kiti cha plastiki.

Wamarekani wa Netflix, kwa upande wao, walitangaza mwaka 2009 kwamba wao ni timu, wala si familia. Kwa lugha yetu: hapa ni Simba na Yanga, usipofunga magoli dirisha dogo linakuhusu. Ni maneno makavu, na mimi singependa kufanya kazi huko na magoti haya. Lakini mtu amejua mapema anacheza nini. Hakuvalishwa tisheti ya ukoo Jumanne ili Ijumaa apewe bahasha.

Kwa hesabu yangu ya benchi la kahawa, na mwenye ushahidi mwingine alete kiti, neno "familia" limenenepa maofisini kadiri mikataba ilivyokonda. Sheria ya mwaka 1991 ilipofungulia milango benki binafsi, biashara ilikua, na hilo ni jema. Kisha simu zikaingia, mawakala wakaingia, kazi ya tawi ikahamia chini ya mwavuli wa yule mama wa floti. Ulinzi ukapelekwa kwa kampuni nyingine, usafi kwa nyingine, hata binti wa kaunta ana mwenyewe. Leo wanaoiendesha benki wengi wao hawako benki. Familia imebaki ya watu wanaotosha duara moja, na nusu ya duara ni watoto wa kufikia. Ndiyo maana inahitaji tisheti. Familia yenye damu haijiandiki mgongoni.

Ningeombwa kutoa pendekezo, nisingeandika semina. Lipa tarehe uliyosema. Andika mkataba wa mwaka badala ya miezi mitatu. Fungua mlango saa mbili na nusu. Na ukiwa na hamu kubwa ya kusikiliza watu, toka nje na kipande cha boksi, keti na geti nusu saa. Baada ya hapo mfanyakazi akikupenda, atakupenda mwenyewe. Wengine wetu tulimpenda mjomba bila kuambiwa.

Jumatano mchana nilirudi. Fundi wa mashine alikuwa amefika, kama ilivyotabiriwa, na kadi nikaipata dakika tano baada ya kufika, siku 13 za kazi kabla ya familia kunitarajia. Nikatoka nje kumshukuru afande. Nikamkuta ameketi.

"Umekaa vizuri leo," nikamwambia.

"Yule bosi alituachia zawadi, mzee. Tisheti zilibaki." Kampuni yake ya ulinzi hairuhusu avae nguo nyingine kazini, akanieleza, na nyumbani hawezi kuivaa, mtaa mzima utamkopa wakidhani ni mtu wa benki.

Akainuka kunipisha njia. Alikuwa ameikunja vizuri, mara nne, ameitandika juu ya kile kiti cha plastiki. Neno FAMILIA lilikuwa limeangalia juu, na lilikuwa limeanza kubonyea katikati.